Mshika Taa: Mwongozo kwa Anayetaka Kazi Pembeni ya Kamera

Ukiona tangazo la kazi ya msaidizi wa mpiga picha jijini Dar es Salaam, lenye sifa za mwombaji na tarehe ya mwisho ya kutuma barua, pita kimya. Aliyelitoa anauza kozi. Kazi yenyewe haitangazwi. Hutolewa Ijumaa usiku, kwa simu, na mtu anayeongea huku anatafuna chipsi: "Dogo, kesho upo?" Jibu ni "Nipo, kaka." Usiulize ni wapi, shughuli ya nani, wala shilingi ngapi. Aliyepangiwa ameumwa ghafla au amepata bosi anayelipa vizuri zaidi, na wewe umefikiwa kwa sababu walio juu yako kwenye orodha hawakupokea simu. Ndivyo alivyoingia kila mtu, pamoja na huyo anayekupigia.

Shida basi ni kuingia kwenye hiyo orodha, na wengi huharibu hapo kwa kujitangaza. Wanamfuata mpiga picha wa harusi na simu mkononi, wanamfungulia ukurasa wao wa Instagram: machweo ya Coco Beach, mtoto wa jirani anacheka, Daraja la Tanzanite usiku, taa za magari zimevutwa kuwa mistari myekundu. Picha nzuri kweli. Mzee anaziangalia, anasifu, anasema "tutawasiliana," na habari imeishia hapo. Mpiga picha wa harusi hatafuti mpiga picha mwingine. Mgongo wake unauma, anatafuta mgongo wa pili. Kijana mwenye jicho kali ni mtu atakayegawa namba yake kwa mashemeji ukumbini, na mwakani atachukua shughuli za ukoo uleule kwa nusu bei. Kwa hiyo ficha kipaji. Ukiulizwa kama unajua kupiga, sema "kidogo kidogo, najifunza." Ukiulizwa kama unaweza kubeba, sema ndiyo kabla swali halijaisha.

Kisha kaa mahali unapoonekana. Studio ya picha za pasipoti bado ni mlango mzuri kuliko watu wanavyodhani: lile pazia la bluu, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe, na koti moja jeusi msumarini ambalo limeshavaliwa na waombaji kazi wa kata nzima. Mwenye studio hiyo siku za wiki anapiga vichwa, Jumamosi anapiga harusi. Msaidie kukata picha na kuwaambia watu washushe kidevu, na Jumamosi moja atakosa mtu wa kubeba begi. Njia ya pili ni Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya picha na kwa mafundi wanaofungua fleshi zilizoanguka. Wapiga picha hupita huko kununua betri na kulalamika. Kaa na soda yako, isiishe haraka, na utajua ni nani kagombana na msaidizi wake wiki hii.

Watakaokucheka kwa kuanzia chini hivyo, waambie habari za Malick Sidibé wa Mali. Mwaka 1955 alichukuliwa na Mfaransa mmoja mwenye duka la picha Bamako, Gérard Guillat, na hakuchukuliwa apige picha. Alichukuliwa alipambe duka, maana alikuwa amesomea sanaa za mikono. Akabaki hapo akikaa mezani pa pesa na kupeleka picha kwa wateja, na akajifunza kwa kutazama tu. Miaka michache baadaye alikuwa na studio yake mwenyewe, na picha zake za vijana wa Bamako wakicheza dansi usiku zikazunguka dunia. Mwaka 2007 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Hakuna mpiga picha aliyewahi kuipata kabla yake. Usiwaambie lakini kwamba safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka hamsini. Vijana hukata tamaa mapema.

Angalia pia kalenda. Harusi za Dar ni Jumamosi, na Desemba maharusi hupangana foleni kwenye kila ufukwe wenye mnazi ulioinama. Lakini Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresima, na mwezi wa Ramadhani hakuna wa kukualika pilau mchana. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18 na Ramadhani ikaanza siku hizohizo, kwa hiyo ukame wa pande zote mbili ukaja kwa mpigo. Atakayeanza kutafuta nafasi katika wiki za namna hiyo atapewa kitambaa na kuambiwa afute lenzi.

Sasa umeitwa. Usaili hufanyika kwenye maegesho ya kanisa, na una swali moja: rifleta. Ni lile duara la kitambaa, upande mmoja wa fedha, upande wa pili wa dhahabu, linalotumika kurudisha jua usoni mwa mtu. Kulifungua hakuhitaji elimu, linajifungua lenyewe, mara nyingi kwenye meno ya aliye karibu. Kulikunja ndiko kunakomtenganisha msaidizi na mpita njia. Shika kingo mbili zinazotazamana, dole gumba la mkono mmoja likitazama juu na la mwingine likitazama chini. Pindua mikono kama unayekamua shuka lililolowa, huku ukiisogeza karibu, na duara kubwa litaanguka lenyewe kuwa maduara matatu madogo yaliyolaliana. Ukiligombeza halikunjiki. Fanya mazoezi nyumbani, chumbani, mbali na televisheni. Bosi atakutazama kwa pembeni akijifanya anapanga betri, na kama umekunja kwa mara moja, hatasema kitu. Kutosema kitu ndiyo sifa ya juu kabisa inayotolewa katika fani hii.

Vaa nyeusi. Wengine watakuambia ni heshima. Sababu hasa ni kwamba utasimama hatua moja kutoka kwenye gauni jeupe, na jua likipiga fulana yako nyekundu, gauni hilo litatoka na waridi ambalo mshonaji hakuliweka. Kiatu kiwe cha raba kisicholia. Mifuko iwe mingi, na kila mmoja uwe na kazi yake, tutafika huko.

Mlangoni mwa ukumbi utazuiwa. Shughuli zetu huingiwa kwa kadi, ya mtu mmoja au ya wawili, na kijana wa mlangoni amekula kiapo. Bosi ameshapita na kamera shingoni, kamera ndiyo kadi yake. Wewe una stendi tatu begani, begi lenye lenzi ambayo peke yake ina kilo moja na nusu, na waya wa umeme shingoni, na bado utaulizwa umealikwa na nani. Usigombane. Taja jina la katibu wa kamati, ambalo utakuwa umelikariri kwenye gari. Mwenyekiti hajulikani na walinzi. Katibu ndiye aliyewapigia simu asubuhi.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kusimama. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaza fremu, hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa bibi harusi huzama. Ikiona suti nyeusi hufanya kinyume. Ndiyo maana kabla maharusi hawajatoka saluni, wewe utasimamishwa pale watakaposimama wao, uambiwe geuka, inua uso, shika hii karatasi nyeupe kidevuni. Utakuwa na picha nyingi za kitaalamu kuliko mtu yeyote mtaani kwenu, zote ukiwa umekunja uso, na zote zitafutwa jioni ile.

Halafu mtasubiri. Saluni huchelewesha maharusi, foleni ya Mwenge huongezea, na jua halina shangazi wa kulibembeleza. Dar jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, tofauti ya nusu saa hivi kati ya miezi, na huku kwetu karibu na ikweta giza likishuka limeshuka. Kama maharusi walipangiwa ufukweni saa kumi na nusu na wamefika saa kumi na mbili na robo, bosi atakukasirikia wewe. Usijitetee. Washa fleshi.

Hapo ndipo cheo chako kinapoanza kueleweka, mshika taa. Fleshi iko juu ya fimbo, fimbo iko mikononi mwako, na fizikia ya kazi nzima ni hii: umbali wa taa ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Taa iliyo mita moja kutoka usoni, ukirudi nyuma mita moja tu kumpisha mama mmoja anayecheza na sahani ya zawadi kichwani, umekata robo tatu ya mwanga. Bosi ataona giza kwenye kioo cha kamera na kusema neno ambalo mshereheshaji atalazimika kulifunika kwa kuongeza muziki. Kwa hiyo usirudi nyuma. Mzunguke mama huyo kwa duara, taa ikibaki umbali uleule, kama unacheza naye. Wasaidizi wazuri wa Dar wote wanajua kucheza, na mashangazi huwatunza noti wakidhani ni wa ukoo. Noti hiyo pokea. Kwa usiku ule huenda ikawa pesa pekee ya uhakika.

Picha za ukoo ndizo zitakazokuonyesha kama hii kazi ni yako. Baada ya kanisa bosi atapanda kwenye kiti, atakupa karatasi aliyopewa na matroni, na kusema, "Dogo, niletee upande wa mama." Watu wametapakaa. Wengine wamo kwenye magari yenye kiyoyozi, wengine wanagombea korosho getini, na wote wamevaa sare ya kitenge kimoja, kwa hiyo kumtafuta "mama mwenye kijani" ni sawa na kutomtafuta mtu. Usipige kelele. Kijana anayepaza sauti "wajomba njooni hukuu" hupata watoto watatu na dereva wa basi.

Anza na shikamoo. Kila mzee, mmoja mmoja, jua likizama vyovyote litakavyo. Mzee ambaye hukumwamkia hatasogea hata hatua moja kwa ajili ya fremu yako, na atakuwa na haki. Kisha, usikisie vyeo. Usiwaulize kina mama wawili waliosimama pamoja ni yupi kati yao mama mkubwa, kwa sababu yule anayeonekana mkubwa ndiye mdogo, na anajua unachofikiri. Usimwite mtu bibi kwa sababu ya mvi. Usimweke shangazi wa bwana harusi nyuma ya wifi yake. Na ukikuta kina mama wawili wote wanasogea kwenye nafasi iliyo karibu na baba mzazi, shusha macho, jifanye unafunga kamba ya kiatu. Hilo ni suala lililoanza kabla hujazaliwa.

Dawa iko. Kila ukoo una shangazi mmoja ambaye hahitaji kipaza sauti. Utamjua kwa kuwa ndiye anayerekebisha shela la bibi harusi bila kuombwa, na ndiye mtu pekee ambaye hata matroni humpisha. Mtafute mapema, mwamkie vizuri, mpe karatasi na kusema, "Shangazi, mimi mgeni, nisaidie." Atawapanga watu sabini kwa dakika chache, kwa urefu na kwa cheo na kwa ugomvi, kwa namna ambayo hakuna chuo kingeweza kukufundisha. Wewe baki kuwaondoa wenye simu. Wataalamu wa simu husimama mbele ya mpiga picha waliyemlipa, wakiinua simu kwenye usawa wa lenzi yake. Usiwaguse kwa mkono. Wasogeze kwa rifleta, wanadhani ni kifaa kimewasukuma.

Sasa mifuko. Betri zilizochajiwa mfuko wa kulia, zilizokwisha kushoto, na usije ukabadilisha utaratibu huo hata katika ndoto. Fleshi ndogo inakula betri nne za penseli, na itazimika wakati wa kukata keki; haijawahi kuzimika wakati wa hotuba ya mwenyekiti. Kadi za kumbukumbu zina sheria kali zaidi. Kadi tupu inakaa kwenye kiboksi uso juu, iliyojaa inageuzwa uso chini, na kiboksi kinakaa mwilini mwako, si kwenye begi, maana begi litaachwa chini ya meza na meza itahamishwa. Usifomati kadi yoyote bila kuambiwa, hata ikiwa imeandikwa "tupu" kwa kalamu ya bosi mwenyewe. Na ikiwa balaa limetokea, na kadi ya kanisani imefutwa, kuna jambo moja la kujua: kwa kawaida kufomati ndani ya kamera hufuta orodha ya picha, picha zenyewe hubaki hadi zikandamizwe na nyingine mpya. Kwa hiyo iondoe kadi hiyo mara moja, usiipigie hata picha moja zaidi, na kesho ipelekwe kwa mwenye programu ya kurejesha mafaili. Habari hizo mpe bosi kwa sauti ya chini, matroni asisikie.

Neno kwa dada zetu, kwa sababu miongozo ya namna hii huandikwa kana kwamba wanaobeba stendi ni wanaume tupu. Harusi nyingi za Waislamu wa pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Unguja, zina sherehe ya kina mama peke yao, mashela na mabuibui yakivuliwa, na mwanamume haingii hata awe amebeba kamera ya dhahabu. Simu hukusanywa mlangoni. Huko mpiga picha ni mwanamke na mshika taa wake lazima awe mwanamke, na hawatoshi. Ukiwa dada mwenye mikono imara na mdomo unaofungika, huna haja ya kukaa Kariakoo na soda. Lakini elewa unachouza: siri. Picha moja ya sherehe hiyo ikionekana kwenye simu ya mtu asiyehusika, hutaitwa tena kwenye nyumba yoyote kati ya Chake Chake na Lamu. Kwa kaka zetu kanuni ni ileile, ila adhabu hutolewa taratibu zaidi. Picha ya bibi harusi uliyoirusha wewe usiku, kabla bosi hajairusha, ndiyo ya mwisho kuifanyia kazi.

Chakula. Utaonyeshwa meza ya nyuma pamoja na DJ na watu wa video, na mtaambiwa chakula kinakuja. Kila ukiinua kijiko mshereheshaji ataita tukio. Anafanya hivyo kwa sababu yeye ameshakula. Beba ndizi na maji.

Na pesa, ambayo ulikatazwa kuiuliza Ijumaa usiku, uiulize Jumamosi asubuhi kabla begi halijaingia kwenye gari. Sema hivi: "Kaka, leo tunakwendaje?" Akijibu "nitakutoa," muulize kwa heshima atakutoa kwenda wapi. Akijibu "tukimaliza tutaongea," hamtaongea. Akijibu kwa takwimu, hata ndogo, huyo ni bosi wa kweli, mshike. Uzoefu ni mzuri na utaupata upende usipende, lakini daladala ya usiku wa manane haipokei uzoefu, na mara nyingi daladala yenyewe haipo, itabidi bodaboda.

Umwonee bosi huruma kidogo pia. Pesa yake inatoka kwenye michango ya kamati, na michango huahidiwa kwa sauti kubwa na kutolewa kwa sauti ndogo. Ametanguliziwa sehemu, iliyobaki ameambiwa asubiri shughuli ipite. Shughuli ikipita, kamati hukutana mara moja zaidi, mbuzi anachomwa, watu wanashukuriana, mahesabu yanasomwa na kamati inavunjwa. Kuanzia usiku huo mdaiwa wenu hayupo duniani. Mwenyekiti atawaambia amerudi kazini kwake Mwanza, katibu atasema yeye aliandika tu. Mpiga picha mzoefu hudai senti zote kabla ya siku ya harusi. Asiyefanya hivyo, mtafuatana naye kwenye kuvunja kamati, ambako mtakuwa mmeombwa mpige "picha mbili tatu za ukumbusho," bure. Nenda. Kula mbuzi. Mwangalie mhazini amekaa wapi, kwa kawaida ni karibu na mlango, kisha sogeza kiti chako na stendi zako zote tatu kati yake na huo mlango.